Kabla hujampa mtu aliyeumia kitabu

Wakijua mimi ni mnasihi, watu huniuliza: nisome kitabu gani nipone? Nami huuliza kwanza, umeumia lini? Kitabu kizuri kikiletwa wiki ya msiba huwa mzigo.

Matanga yakishaanuliwa na wageni wakaondoka, natoa kile chembamba cha C. S. Lewis, A Grief Observed, cha 1961. Mkewe Joy alifariki kwa saratani mwaka 1960, naye akakiandika kwa jina la bandia, N. W. Clerk. Mwandishi aliyezoea kuitetea imani anamlalamikia Mungu waziwazi, kisha anajirudi, kisha analalamika tena. Mjane mmoja (ameniruhusu kusimulia) nilimweleza kwa Kiswahili pale Lewis anaposema watu wakimwona wanasita, waseme neno au wanyamaze. Wakisema anachukia, wasiposema anachukia vilevile. Mama wa watu akacheka huku anajifuta machozi kwa pindo la khanga. "Kumbe na wazungu?" Siku hiyo ndipo alipoanza kunieleza habari za mawifi zake.

Viktor Frankl namweka baadaye. Alikuwa daktari wa akili wa Vienna, akapitia Auschwitz na kambi nyingine za Wanazi. Mama yake na mkewe walifia kambini. Kitabu chake, Man's Search for Meaning, kilitoka 1946. Kinamfaa anayejiuliza aendelee kuishi kwa ajili ya nini. Ila usimpe mtu kwa maana ya "ona wenzako walivyoteseka". Huko ni kumfunga mdomo.

The Body Keeps the Score cha Bessel van der Kolk, cha 2014, kinachoeleza jinsi majeraha ya moyoni yanavyobaki mwilini, nakisoma mwenyewe. Mteja simpi haraka. Kina visa vya ukatili ambavyo aliyewahi kutendewa anaweza kuvisoma jioni akakesha.

Kwa asiyependa kusoma, daftari. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, huko Marekani, walichapisha utafiti wao: wanafunzi waliandika dakika 15 kila usiku, siku 4 mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walimaliza wakiwa na huzuni zaidi, lakini miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo ukiandika ukalia, usishtuke. Ila ukiona hali haikuachii, huli, hulali, au unawaza kujidhuru, weka daftari chini, mwambie mtu akusindikize hospitali leo hii.