Tangazo la mapazia kwenye gazeti la Milimani

Dada, nimekuelewa: unashona mapazia hapo Nakuru, gazeti dogo linalosambazwa mtaa wa Milimani linataka ulipie ukurasa mzima mara moja, na unaogopa hela haitarudi.

Ningekuwa wewe ningechukua robo ukurasa, tangazo litoke matoleo manne mfululizo. Nilipokuwa nauza viti Kisumu nililipia ukurasa mzima, toleo moja. Nikapigiwa simu mbili tu. Baadaye nikagundua nakala nyingi zilikuwa zinabaki kwa mabawabu. Kwa hiyo siku gazeti linapotoka, zunguka mageti kadhaa uulize linaingia nyumba ngapi. Hilo usiliruke, tafadhali.

Weka picha ya kazi yako mwenyewe, na laini ya simu ambayo hujampa mtu mwingine, ili kila anayepiga ujue ameiona namba gazetini. Andika pia kwamba unaenda kupima madirisha nyumbani.

Uliza kama bei ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, na udai ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA. Wakikuletea mkataba wa mwaka mzima, usitie sahihi kabla wakili hajausoma.