Maswali Yenu: Mvua Ikitukuta Njiani kwenda Santiago

Maswali ya safari hii yanahusu Camino Francés, njia ya hija ya kilomita 780 hivi kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, hadi kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini Santiago de Compostela, Hispania. Wote waliouliza wanakwenda kwa kikundi, na wote wanaogopa mvua.

Tuko kumi na wanne, wengi tumevuka miaka hamsini. Siku ya kwanza tunapanda milima kwenda Roncesvalles, upande wa Hispania. Mvua ikitabiriwa, tuahirishe?

Msiahirishe, badilisheni njia. Kutoka Saint-Jean kuna njia mbili. Ya juu, iitwayo ya Napoleon, inapanda kutoka mita 170 hivi hadi zaidi ya mita 1,400, kisha inateremka Roncesvalles. Sehemu kubwa ni malisho matupu, hakuna mti wala paa la kujibanza. Ya chini inapita kijiji cha Valcarlos, ikifuatana na bonde na barabara ya N-135.

Ya juu hufungwa kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, na huo si ushauri, ni amri. Miezi mingine, ulizeni ofisi ya mahujaji ya Saint-Jean jioni ya kuamkia safari. Mvua peke yake huko juu inavumilika. Ikija na upepo na ukungu, mtu hupotea hatua chache tu kutoka kwa wenzake. Kikundi chenye wazee na utabiri mbaya kipite Valcarlos, bila aibu yoyote. Pia ndiyo njia inayokatika mara mbili vizuri, kwa kuwa wanaochoka wanaweza kulala Valcarlos na kumalizia mlima kesho yake. Kwenye vipande vya lami tembeeni upande wa kushoto, mkiyatazama magari yanayokuja, mstari mmoja, na vizibao vya kung'aa juu ya makoti. Kizibao kilichofunikwa na poncho, lile vazi pana la mvua lisilo na mikono, hakimsaidii dereva.

Kwenye mazoezi tulinyeshewa. Wa mbele waliwasubiri wa nyuma kama nusu saa, wakaanza kutetemeka, na mmoja akashindwa hata kufungua chupa. Tulikosea wapi?

Mlikosea kusimama muda mrefu. Aliyelowa lakini anatembea hujipasha moto mwenyewe. Akisimama, moto huo unazimika huku nguo zilizotota zikiendelea kumnyonya, maana maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa. Ndiyo maana wenye kasi ndio wanaoumia kwanza: wanafika na jasho, wanakaa, wanapoa. Wa mwisho wanafika wakiwa na joto, na ndipo kikundi kinaondoka bila wao kupumzika. Hasara pande zote mbili.

Siku ya mvua mwenye mwendo wa polepole awekwe wa pili kutoka mbele, si nyuma. Aliye mbele yake ashike mwendo wake. Nyuma kabisa akae mtu mwenye nguvu, aliyebeba sanduku la huduma ya kwanza, filimbi na sweta moja kavu lisilo la mtu yeyote. Mkiwa kumi na wanne, gawanyikeni makundi mawili ya saba. Kila mtu awe na mwenzi wake, ili kuhesabu kuwe ni kuulizana "mwenzako yuko?" badala ya kuhesabu vichwa vilivyofunikwa. Kwenye kila njia panda, wa mwisho wa kundi la mbele asiondoke mpaka aonekane na wa kwanza wa kundi la nyuma. Kofia ya koti huziba masikio na macho ya pembeni, na mishale ya njano inayoonyesha njia hupitwa kirahisi.

Mapumziko yawe ya kusimama, dakika tatu hadi tano kila saa: kunywa, kumeza karanga au tende, kuondoka. Mapumziko marefu ni chini ya paa tu, na jambo la kwanza mkifika ni kuvaa sweta, kabla ya kuketi na kabla ya kuagiza chai. Wengi husubiri wahisi baridi ndipo wavae, na huo ni uchelewaji.

Huyo wa chupa alikuwa ameonyesha dalili ya mapema ya joto la mwili kushuka. Kipimo rahisi: mwambie afunge zipu yake mwenyewe. Akishindwa, akijikwaa ovyo au akianza kutamka maneno kwa uzito, safari ya siku hiyo imekwisha kwake. Mwingizeni ndani, mvueni nguo zote zilizolowa, mvisheni kavu pamoja na kofia, na kama anameza vizuri apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, wala msimpe pombe hata tone. Mtu akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, hajapona, amezidiwa: pigeni 112, namba ya dharura ya Hispania na Ufaransa pia.

Na punguzeni safari. Kikundi kinachokwenda kilomita nne kwa saa pakavu hufanya tatu kwenye tope. Mliyopanga kuwa kilomita 25 ziwe 18 au 20.

Poncho au koti? Na viatu visivyopitisha maji vinafaa?

Poncho linafunika hadi begi na linaingiza hewa, kwa hiyo ni zuri kwa mvua ya wima isiyo na upepo. Penye upepo linapepea usoni, na mtelemkoni linakuficha miguu yako mwenyewe. Mteremko wa kuingia kijiji cha Zubiri una miamba iliyolala mshazari, ambayo ikilowa ni kama sabuni. Ule wa kuingia kijiji cha Molinaseca nao si wa kuchezea. Hapo vaa koti, fupisha hatua na utumie fimbo mbili.

Kifuniko cha begi kisikudanganye. Maji huteremka mgongoni na kuingia upande usiofunikwa. Weka mfuko mzito wa taka ndani ya begi, upange vitu humo, usokote mdomo. Nguo za kulalia na soksi za usiku hazitoki humo njiani kwa sababu yoyote ile.

Viatu visivyopitisha maji huzuia umande na madimbwi. Kwenye mvua ya kutwa maji huingia kwa juu, yakifuata mguu, na yakishaingia hayatoki. Viatu vyepesi vya wavu hulowa haraka lakini mara nyingi hukauka kufikia asubuhi. Kwa miezi ya joto sisi tungechagua hivyo vya pili. Jeans na fulana za pamba ziacheni nyumbani.

Malengelenge ya siku ya mvua yanatokana na ngozi iliyolainika. Paka vaselini kati ya vidole na visiginoni kabla ya kuvaa soksi, na katikati ya safari vua viatu chini ya paa kwa dakika kumi, jifute, vaa soksi nyingine. Lengelenge likishatuna na kuuma, litoboe pembeni kwa sindano safi, ukamue maji, uache ngozi yake juu na ufunike. Usiache uzi wa sindano ndani: huingiza uchafu.

Radi?

Kama kati ya umeme na ngurumo hakuna sekunde 30, iko karibu. Shukeni kutoka kilimani, epukeni mti uliosimama peke yake, achianeni nafasi. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Tukifika tumelowa, vitu vikauke vipi wakati chumba kimejaa watu?

Viatu kwanza. Toa soli za ndani, jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa moja na tena kabla ya kulala. Usiviegeshe kwenye hita, gundi itaachia. Soksi zikunje ndani ya taulo, uikanyage taulo, ndipo uanike. Zisipokauka asubuhi, anza safari na zile zilizolowa na utunze kavu za usiku. Ni jambo la kuudhi kweli, lakini baada ya dakika kumi mguu umeshazoea.

Hakikisheni pia credencial, ile karatasi ya kukunjwa inayogongwa mihuri, iko kwenye mfuko wa plastiki wa zipu. Wino wa mihuri hutawanyika ukilowa, na Santiago wataikagua: ili apewe cheti cha hija, mwenda kwa miguu lazima athibitishe walau kilomita 100 hadi Santiago, na kwenye kilomita hizo ni angalau mihuri miwili kila siku. Ukigongewa, subiri wino ukauke ndipo ukunje.