Barua kwa mwanangu: kupima kiwanja kabla ya kuchora

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini. Umeniuliza kama kuna haja ya kumlipa mpimaji ardhi kabla ya kuongeza vyumba nyuma ya nyumba yako, ilhali hati unayo, ramani ya kiwanja unayo, na fundi wako amekuhakikishia kwamba tepe na kamba vinatosha. Umeongeza kwamba ulipopima mwenyewe upande unaoteremka ulipata mita 30.6 mahali ambapo ramani inaonyesha mita 30, ukajiuliza kama ramani imekosewa au kama una ardhi ya ziada. Haja ipo, na hizo sentimita 60 zako ndizo zitakazotufaa kwa kuanzia.

Ramani ya kiwanja huandikwa kwa vipimo vya mlalo, yaani umbali kati ya bikoni na bikoni (zile alama za mpaka zilizowekwa kwenye pembe za kiwanja) kana kwamba ardhi yote ni tambarare. Wewe uliilaza tepe juu ya majani, ikaifuata ardhi inavyoshuka. Ikiwa tepe haikupinda wala kulegea, tofauti hiyo ndiyo inayotokea ardhi inaposhuka karibu mita 1 katika kila mita 5 za mlalo, maana yake bikoni ya chini iko takriban mita 6 chini ya ile ya juu. Kwa hiyo usihesabu ardhi ya ziada. Ulichokipata ni kitu ambacho hati haikukuambia hata kidogo: kiwanja chako kina mteremko mkali, na mteremko huo utaamua gharama ya ujenzi wako kuliko idadi ya matofali.

Tazama sehemu unayotaka kujenga. Vyumba vitatoka mita 8 nyuma ya ukuta wa sasa. Kama mteremko hapo ni uleule, na ukataka kupita kutoka sebuleni hadi vyumba vipya bila kushuka ngazi, basi ncha ya mbali ya sakafu itakuwa mita 1.6 juu ya ardhi ya asili, jambo linalodai nguzo, au msingi mrefu wenye kifusi kingi cha kujazwa na kushindiliwa, ambao fundi wako hakuuweka katika hesabu yake. Ukiamua kushusha sakafu iifuate ardhi, utapunguza msingi, lakini choo na bafu vitashuka navyo, na chemba ya maji taka, kwa maelezo yako, iko mbele upande wa barabara, palipo juu. Bomba likilazwa kwa mteremko wa 1 kwa 40 huhitaji kushuka nusu mita katika kila mita 20, na maji taka hayapandi mlima kwa kubembelezwa. Utalazimika kuweka pampu, nayo hutaka umeme na matunzo kwa maisha yote ya nyumba. Ndiyo maana nasisitiza kwamba vimo vijulikane kabla ya mchoraji kugusa karatasi. Mchoro uliochorwa juu ya kiwanja kinachodhaniwa kuwa tambarare hurekebishwa baadaye kwa fedha zako.

Mwombe mpimaji, kwa maandishi, upimaji wa sura ya ardhi wenye kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) za kila nusu mita au chini ya hapo, pembe za nyumba iliyopo, kimo cha sakafu ya ndani, miti mikubwa, kuta za majirani zilizo karibu na mpaka, na usawa wa barabara. Kila chemba aifungue mfuniko na kupima kina hadi chini ya bomba, kwa sababu kimo cha mfuniko peke yake hakina faida kwako. Aache pia alama moja ya kudumu ya kimo, ambayo kila atakayekuja baadaye ataanzia hapo, nayo isiwe kwenye ukuta wa nyuma, ambao ndio utakaoubomoa. (Usicheke, nimeiona alama ya namna hiyo ikiondoka pamoja na kifusi.)

Mipaka ni shughuli ya pili, ingawa mpimaji huyohuyo aweza kuifanya. Uzio si mpaka. Mpaka ni bikoni na vipimo vilivyosajiliwa, na uzio huwekwa na fundi aliyefuata kilichomrahisishia kazi. Kwa kuwa masharti ya ujenzi kwa kawaida hutaja umbali wa kuachwa kati ya jengo na mpaka, ukipimia kwenye uzio uliosogea utajikuta umejenga ndani ya nafasi hiyo pasipo kukusudia. Bikoni zisizoonekana zitafutwe na kuthibitishwa na mpimaji aliyesajiliwa. Simu yako, hata mbingu ikiwa wazi, hukosea kwa mita kadhaa, ilhali vyombo vya setilaiti vya mpimaji, vikisahihishwa, hukosea kwa sentimita chache tu. Mjulishe jirani siku ya kupima na umkaribishe asimame aone. Mtu aliyeona bikoni ikifukuliwa mbele ya macho yake hubishana kidogo kuliko aliyeletewa karatasi. Uliza vilevile kama kuna haki ya njia au bomba la umma linalokatiza kiwanja, kwani juu yake huenda usiruhusiwe kujenga.

Nyumba yenyewe nayo ipimwe, angalau upande utakaounganishwa. Nyumba za zamani mara nyingi hazina pembe mraba. Jaribu leo jioni: chumba cha mita 4 kwa 3 kinapaswa kuwa na mita 5 kutoka kona hadi kona, na ulalo wa pili uwe sawa na wa kwanza. Ukikuta zimepishana, ujue kwamba ukuta mpya ukichorwa kwa pembe mraba hautakutana na wa zamani pale mchoro unapodai.

Kuhusu udongo, mpimaji ardhi si mtu wa kukuambia kama utabeba uzito; hiyo ni kazi ya mhandisi, nawe kwa mteremko huo usiiache. Skana ya leza ya nyumba nzima iache. Kwa vyumba viwili ni anasa.

Mchoro ukishakamilika, mpimaji arudi kuhamishia pembe za jengo ardhini. Vigingi vyake viwe na vingine vya akiba nje ya mahali patakapochimbwa, maana vile vya kwenye pembe huondolewa siku ya kwanza ya kuchimba msingi. Kuanzia hapo kamba ya fundi wako itafaa kabisa.

Omba makadirio kwa wapimaji wawili au watatu, kila mmoja akipewa maelezo yaleyale, na uhakikishe bei inajumuisha faili ya kompyuta ambayo mchoraji ataitumia moja kwa moja. Nitumie kabla hujatia sahihi. Nitaanza kwa kutazama kama wametaja chemba.

Akupendaye,
Baba yako