Barua kwa mwanangu: hata sarafu isiyotoka imeingia na hela ya mtu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Unasema mchezo wenu wa karata wa kwenye simu umeshapata wachezaji, wanakaa mezani wanne wanne, mmoja yuko Tandika, mwingine Mwanza, na sasa mwekezaji anataka muongeze chumba cha dau. Mtu ananunua sarafu za mchezo kwa M-Pesa, anaingia chumbani, anaweka dau, akishinda anabeba sarafu za wenzake, na meza inakata asilimia 5. Sarafu hizo hazirudi kuwa shilingi. Ukaniuliza: "Mama, kama hela haitoki, hiyo ni kamari kweli?"

Ni kamari, mwanangu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu jambo lenyewe linanigusa, na kwenye simu nisingelimaliza.

Sijawahi kukusimulia habari ya mjomba wako na korosho. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 10. Msimu ukifika, watoto wote wa Masasi tulicheza mchezo mmoja: kila mmoja anatoa korosho zake, tunazipanga mstari ardhini, tunarudi nyuma, tunazilenga kwa korosho moja kubwa. Utakayoipiga ni yako. Zilikuwa mbichi na maganda yake, haziliki vile, kwetu zilikuwa kete tu. Ila mwenye duka la njia panda alizipokea. Ukimpelekea kibaba, anakupa andazi.

Mjomba wako alikuwa na shabaha, akashinda karibu wiki nzima. Kisha akaja kijana mmoja mkubwa kutoka kitongoji cha pili, akamla zote. Jioni ile nilimkuta nyuma ya nyumba amepiga magoti mbele ya gunia la bibi yako, anafungua kamba ya mdomo wa gunia kwa meno, polepole, isikatike. Akachota, akaifunga tena vilevile ilivyokuwa. Siku nne alifanya hivyo, nami nikanyamaza kwa kuwa ni kaka yangu. Siku ya kupeleka mizani, gunia lililokuwa limeshiba likawa limelegea upande mmoja. Bibi yako hakumpiga. Alilishika pale lilipolegea, akalibonyeza kwa kiganja, kisha akakaa kizingitini. Lile gunia ndilo lilikuwa sare zetu za shule za mwaka ule.

Katika mchezo ule hakuna mtoto aliyeshika hata senti.

Ndiyo maana naona wewe na mwekezaji wenu mnatazama mlango mmoja tu, wa kutokea. Mnasema umefungwa, basi tumesalimika. Mimi natazama wa kuingilia. Sarafu ya mchezo kabla haijawa sarafu ilikuwa shilingi elfu mbili ya mtu, ilikuwa nauli au unga wa jioni. Tena kwa upande mmoja chumba chenu ni kibaya kuliko vibanda vya kubeti. Kule mkeka ukitiki, angalau mtu anapewa chake. Kwenu hata bingwa wa mwezi hana cha kupeleka nyumbani. Kushindwa kwake ni kwa kweli, kushinda kwake ni picha.

Makala ulizonitumia nimezisoma zote, na dada yako akanisaidia pale Kiingereza kiliponizidi. GTA Online, mchezo wa mtandaoni, ilifungua kasino yake Julai 2019 kwa utaratibu huo huo wenu: hela ya mchezo inanunulika kwa hela halisi, haitoki tena. Hata hivyo wachezaji wa nchi nyingi walikuta meza za dau zimefungwa kwao kwa ajili ya sheria za nchi zao. Ubelgiji nayo mwaka 2018 iliyahesabu kuwa kamari yale masanduku ya bahati ya ndani ya michezo, mtu analipa kabla hajajua kilichomo, yakiwemo ya michezo ya FIFA 18 na Overwatch.

Lakini habari iliyoninyima usingizi ni ya EVE Online, ule mchezo wa vyombo vya angani wa kampuni ya CCP ya Iceland. Hela yake inaitwa ISK, na kwa sheria za mchezo ni marufuku kuiuza kwa hela halisi. Watu wakafungua tovuti za kamari, dau likiwa ISK. Wenye tovuti wakatajirika mno, hata mwaka 2016 wakagharamia vita nzima ndani ya mchezo dhidi ya muungano mkubwa wa wachezaji uitwao The Imperium, ukafukuzwa kwenye maeneo yake. Watu waliojenga himaya kwa miaka, wakiamka usiku kulinda vituo vyao, wakang'olewa kwa mfuko uliojazwa na kamari. Na ISK kuuzwa kwa mlango wa nyuma kulikuwepo, marufuku au si marufuku. Novemba ya mwaka huohuo kampuni ikapiga marufuku kamari ya ISK moja kwa moja.

Kwa hiyo usiniambie kitakuwa chumba tu pembeni. Hakitabaki pembeni. Yule wa Mwanza anayecheza kwa akili, anayekumbuka kila karata iliyoshuka, atakuta heshima ya mezani imehamia kwa mwenye sarafu nyingi. Na ule mlango mliofunga watautoboa: "nirushie sarafu zako huku, nikutumie hela kwenye simu." Mtazuia wangapi?

Jumatano nilifanya jaribio na mjukuu wangu. Unajua siamini hesabu mpaka niione mezani. Kunde 100 zake, 100 zangu, bakuli katikati. Kila raundi kila mmoja anaweka 10, tunarusha shilingi, mshindi anachukua 19, bakuli linabaki na 1. Ndiyo asilimia 5 yenu hiyo. Raundi ya 38 alikuwa amebakiwa na kunde 5, mimi 157, bakuli 38. Hata tungeshinda sawa kwa sawa, kabla ya raundi ya 200 bakuli lingekuwa limetumeza karibu wote wawili. Nilitaka nimfundishe hivyo. Nilipoinua kichwa hakuwepo. Alikuwa jikoni, mkono umo ndani ya mkebe wa kunde za mboga ya mchana, hakuniomba. Ana miaka 8. Kwa mgongo ule nilimwona mjomba wako.

Dau lenyewe silikatai. Wapeni wachezaji sarafu sawa kila asubuhi, bure, zisizonunulika wala kurushiana nje ya meza, zikiisha mtu asubiri kesho. Wakitambiana kwa hizo, hizo ni korosho kabla mwenye duka hajazipokea. Mkitaka kipato, uzeni migongo ya karata, vitambaa vya meza, sauti za kutania, kitu ambacho mtu anakiona kabla hajalipa.

Kuhusu umri, mwekezaji anasema mtaweka kitufe cha "nina miaka 18". Sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza walio chini ya umri huo, naye analijua hilo, ndiyo maana anataka kitufe. Nimefundisha miaka 34. Mtoto aliyeshika simu atabonyeza chochote, na laini imesajiliwa kwa kidole cha mama yake. Mama atagundua salio limekwisha siku ya kununua gesi.

Najua kisa cha kuniuliza mimi si kamari peke yake. Unaogopa ukikataa kuandika programu ya hicho chumba watatafuta mwingine. Huenda wakamtafuta. Kikao ni Ijumaa. Wapelekee hesabu ya kunde, uwaonyeshe hiyo njia ya sarafu za bure, useme hicho chumba cha sarafu za kununua hutakiandika. Wakikutoa, kodi ya chumba chako ya miezi mitatu ninayo kwenye kiinua mgongo changu, sijaigusa. Usisaini kwa kuogopa kodi.

Mama yako