Vizibo vya soda, kaunta buku na msitu wa Amani

Mara ya kwanza nilipopiga kambi Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, nilibeba rangi 24, brashi tisa, ubao wa kubania karatasi na imani kwamba mandhari nzuri ingenigeuza mchoraji. Nilikaa siku tatu. Nilirudi Dar es Salaam na karatasi moja tu iliyokamilika, na kilichokuwamo kilifanana na mchicha uliosahauliwa jikoni. Huo ndio ulikuwa msitu.

Siku hizi watu wakiliona kasha langu la rangi za maji huniuliza wanunue nini kabla ya safari. Nawajibu: kwanza usisafiri. Msituni kuna kivuli kizito, kuna unyevu, kuna siafu, na mwanga hautulii mahali pamoja. Ukiongeza na kutojua maji yanavyotembea kwenye karatasi, umejitwisha mzigo usiobebeka. Mimi nilikuwa nimechora mara nne tu nyumbani kabla ya kupanda gari la Muheza. Mchicha ule nilistahili.

Kilichoniokoa ni mpapai. Upo nyuma ya nyumba, umeegemea ukuta, na kila asubuhi maji ya chai yakiwa jikoni nina kama dakika 15 za kukaa kwenye kigoda na kuutazama. Mwezi mzima nilichora majani yake tu. Jani la mpapai limechanikachanika, na ukilifuata mstari kwa mstari utachelewa kazini. Nikajifunza kuchora uwazi ulio kati ya vidole vyake, vidole vikajitokeza vyenyewe. Baadaye nikahamia mwarobaini wa jirani, kisha mkrismasi wa pale kituoni, ule unaowaka mwekundu ikifika Desemba. Anayesubiri daladala ana muda mwingi kuliko anavyodhani.

Wengi wakisikia nachora huuliza kama ni tingatinga. Tingatinga naipenda, ila njia zetu zinapishana. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya ubao. Rangi ile inafunika: ukikosea unapaka juu yake, na nyeupe unaitoa kwenye kopo. Rangi za maji hazina msamaha huo. Zinapitisha mwanga, na nyeupe yako ni karatasi uliyoiacha bila kuigusa. Tone la umande kwenye jani ni pale ambapo hukupaka kitu. Unaanza na kilichofifia, unamalizia na kilichokolea, na katikati unasubiri pakauke.

Kusubiri ndiko kulikonishinda. Nilikuwa narudi na brashi iliyojaa maji kabla mpako wa kwanza haujakauka, maji mapya yanasukuma rangi pembeni, linabaki doa lenye kingo zilizojikunja kama kabichi. Sasa naigusa karatasi kwa mgongo wa kidole. Ikiwa ya baridi, bado ina maji hata kama kwa macho inaonekana kavu. Na kila mahali pana saa yake. Nikiwa Dodoma miezi ya kiangazi, mstari unakauka kabla sijaufikisha mwisho, hivyo nalowesha karatasi kwanza. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na huko mpako mmoja umewahi kunikalia hadi nikapika wali, nikala, nikaosha sufuria. Dawa yake ni kuwa na karatasi tatu mkononi na kuzizungukia: hii inakauka, ile inapakwa, nyingine inachorwa kwa penseli.

Karatasi ndiyo kitu pekee ninachokushauri usibane senti. Ile ya kawaida ya A4, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ikipata maji inajikunja kama mkeka ulionyeshewa. Tafuta ya gramu 300. Mimi hununua shiti kubwa, sentimita 56 kwa 76, nikalikata vipande 16 vya 14 kwa 19. Vinaingia vizuri ndani ya kaunta buku, na jalada lake gumu ndilo ubao wangu. Vibanio vya nguo viwili vinashika pembe. Udogo wa kipande una faida nyingine: dakika 15 zinatosha kukijaza, na kikiharibika hakikulizi.

Rangi zimeshuka kutoka 24 hadi sita. Nazikamulia kwenye vizibo vya soda nilivyovigandisha ndani ya kopo bapa la pipi, naziacha siku mbili zikauke, na zinakaa miezi zikisubiri tone la maji. Zinafufuka hivyo kwa sababu kinachozishika ni gundi inayoyeyuka tena majini, utomvu wa miti ya jamii ya migunga. Nchi inayoongoza kwa kuuza utomvu huo ni Sudan. Ukikuta kasha la kupendeza kutoka Ulaya, kumbuka kilicholishikilia kinatoka upande wetu huu. Angalia tu kama rangi zako zimetiwa asali. Asali huzifanya laini, lakini kwenye unyevu wa msitu hazikauki kabisa, na asubuhi moja nilikuta sisimizi wamejipanga kwenye kopo langu kama wanasubiri kupiga kura.

Brashi moja ya duara yenye ncha nzuri, namba 8, inanifanyia karibu kila kitu. Sita zangu ni njano ya limau, njano ya udongo, buluu ya ultramarini (buluu iliyokolea), siena iliyochomwa (kahawia ya udongo yenye wekundu), nyekundu yenye uwaridi na buluu moja kali ya kijanikijani. Kijani sinunui. Kijani cha dukani ni rangi ya ndoo ya plastiki, na ndicho kilichonipikia mchicha: nilikipaka mti wa mbele, mti wa nyuma na mlima. Msitu una kijani cha njano pale jua linapopenya, cha buluu kwa mbali, cha kahawia kwenye majani makuukuu. Changanya buluu na njano, kisha tia siena kidogo sana, rangi inatulia palepale. Ultramarini na siena peke yake zinakupa kijivu cha ukungu na cha magome. Ukungu wenyewe ni rahisi kuliko unavyotisha. Lowesha karatasi, gusa kijivu chepesi kwa ncha, ondoa mkono. Kishawishi ni kurudi kukirekebisha. Usirudi.

Mwaka uliofuata nilirejea Amani, na safari hii nilikuwa na deni na ua moja. Lile ua la zambarau linalopambia madirisha ya Ulaya na Marekani, ambalo Waingereza huliita urujuani wa Kiafrika, asili yake ni milima hii na misitu ya jirani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilikusanya akalipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia. Huku kwetu wengi wetu hatujawahi kuliona. Huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na mzee aliyenitembeza alisimama mbele ya jiwe ambalo mimi ningelipita. Halichumwi. Unakaa chini, unachora hapohapo.

Zambarau ilinitesa. Nyekundu yoyote yenye asili ya chungwa ukiichanganya na buluu unapata rangi ya matope. Inatakiwa ile yenye uwaridi, na hilo nilikuwa nimeligundua nyumbani nikichora biringanya, si msituni. Majani yake yana vinyweleo vinavyoshika mwanga, kwa hiyo niliacha utepe mwembamba wa karatasi tupu pembezoni mwa kila jani. Nilikaa saa nzima kwa ua lisilozidi sarafu. Mzee alikuwa amenimiminia chai ya rangi kwenye kikombe, akakiweka kando ya kikombe changu cha brashi, na bila shaka unajua kilichotokea. Chai ikawa ya rangi kweli. Alicheka hadi akakaa.

Kwa hiyo vyombo vya rangi na vya chakula visifanane, na brashi usiinyonye ili kuchonga ncha, maana baadhi ya rangi zina madini yenye sumu. Maji machafu usiyamwage kijitoni. Mimi huyarudisha kwenye chupa nikaondoka nayo.

Saa nzuri ni kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na jioni saa 10 hadi saa 11. Mchana jua likiwa utosini vivuli vinapotea chini ya miti na kila kitu kinakuwa bapa. Huo ni wakati wa kuokota jani moja lililodondoka ukalichora kwa karibu. Jioni usijidanganye kwamba una muda, giza la kwetu linaanguka.

Na watu watakuja. Watoto husimama nyuma yako wakihesabu makosa kwa sauti. Mpe mmoja brashi na kipande cha karatasi, wengine watanyamaza kumtazama. Mjini mlinzi mmoja aliwahi kunifuata mbio: "Dada, hapa kupiga picha hairuhusiwi." Nikamwambia sipigi, nachora. Alifikiri kidogo, akainama, akaniambia mti wangu umepinda. Ulikuwa umepinda.

Nyuma ya kila kipande huandika mahali, tarehe na saa. Ule mchicha wa kwanza bado ninao ndani ya kaunta buku. Ni karatasi nzuri ya gramu 300, na upande wake wa nyuma ndipo ninapojaribia rangi kabla ya kupaka.