Mtoto wa miezi 8 kwenye resto ya kando ya ziwa: panga na jiko kwanza

Mama, umeuliza mambo mawili: kama mtoto wa miezi 8 anaweza kwenda nanyi resto ya heshima kule Muhumba, mtaa wa Bukavu kando ya Ziwa Kivu, siku ya kumbukumbu ya ndoa, ama abaki kwa mama mkwe kama papa yake anavyotaka; na watu watasema nini akilia. La pili ni jepesi. Bukavu mtoto kulia dakika mbili hakumshangazi mtu. Wanaotazamwa vibaya ni wazazi wanaoendelea kula kana kwamba kilio ni cha meza ya jirani. La kwanza linategemea jiko.

Mtoto wa umri huo anatulia mezani dakika 40 hivi, labda 60 akiwa ameamka vizuri. Sasa angalia upande wa jiko. Tilapia mzima wa gramu 600 au 700 anahitaji makaa yaliyokolea, na makaa yenyewe yanachukua dakika 20 hadi 30 tangu kuwashwa. Halafu dakika 12 hadi 15 kila upande. Ongeza muda wa kusoma meni, wa serveri kwenda kuuliza kama samaki yupo, na wa kurudi kukuambia yupo ila mkubwa tu. Sahani inafika saa nzima baadaye, mtoto amekwisha uvumilivu, na samaki analiwa kwa zamu, baridi. Mtoto hana kosa hapo.

Kwa hiyo agiza kabla ya kufika. Piga simu jioni ya kuamkia siku hiyo, useme wazi: «Mama, jambo. Kesho tunakuja watu wakubwa wawili na mtoto mchanga, saa 5 na nusu. Tunataka tilapia mmoja wa kuchoma, makemba (ndizi za kupika) na lenga-lenga (mchicha). Samaki aingie motoni saa 5 na robo.» Kesho yake, mkiwa mnatoka nyumbani, piga tena. Simu ya kwanza jiko huichukua kama nia tu. Ya pili ndiyo inawasha makaa. Kama hamna hamu ya samaki, brosheti za mbuzi zilizokwisha kukatwa na kutiwa viungo zinaiva kwa dakika 20 hivi, na hazina miiba ya kuwapotezea muda.

Saa 5 na nusu sikuitaja ovyo. Siku ya Mungu, yaani Jumapili, watu wanatoka misa, na kuanzia saa 6 na nusu meza zinajaa, jiko linalemewa. Tena kuanzia Septemba hadi Mei mvua hupenda kunyesha mchana ukishapinduka, na terasi yenye watu 60 ikihamia ndani kwa mpigo, hakuna pa kumlaza mtoto. Jioni mimi siipendi. Jua linazama karibu saa 12, ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, baridi inaingia upesi, na vidudu vinaifuata taa iliyo juu ya meza yenu. Mkilazimika kwenda jioni, fikeni saa 11, mwondoke saa 1. Mtoto avae soksi, kofia na sweta hata kama mchana kulikuwa na joto.

Meza ichague kwa pua na masikio kabla ya macho. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa sababu nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji. Jua likizama unageuka, unashuka toka milimani kwenda ziwani. Kama choma iko upande wa barabara, meza za kando ya maji hazina moshi adhuhuri, lakini saa 1 usiku moshi wote unakuja kwenu. Kaa mbali na spika na mbali na jenereta. Umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, ukikatika, jenereta hunguruma ghafla, na mtoto aliyekuwa analala ndiyo basi. Ukingo wa terasi ukaguliwe kabla ya kukaa: nafasi kati ya nondo ikipitisha kichwa cha mtoto, au hata mwili wake tu, badilisha meza. Mtoto wa miezi 8 anatambaa haraka kuliko unavyodhani.

Pusipusi, kigari cha kumsukumia mtoto, iache nyumbani. Resto nyingi za kando ya ziwa zinashukiwa kwa ngazi, na barabara ya kufika huko unaijua. Chukua teksi, si pikipiki, na dereva mwelewane saa ya kurudi. Kiti kirefu cha mtoto kiulizie kwenye ile simu ya kwanza; mara nyingi hakipo. Badala yake kuna kikwembe (kitenge): mtoto akae mapajani, kikwembe kipite chini ya makwapa yake na kufungwa nyuma ya kiuno chako, mikono yako ibaki huru. Akilala mgongoni, omba tabure, kiti kisicho na mgongo, kwa sababu kiti chenye mgongo kinamkandamiza. Kikwembe cha pili tandika chini ya meza. Kitambaa cha meza kikunjwe upande wa mtoto, na ndani ya sentimita 50 kutoka kwake pasiwe na glasi, kisu, chai, wala sahani iliyotoka motoni.

Pilipili ina sheria yake: anayeila hamshiki mtoto. Ukali wake hauyeyuki katika maji, unayeyuka katika mafuta, kwa hiyo kunawa kwa maji matupu hakusaidii, na kidole hicho kikifika jichoni mwa mtoto chakula kimeishia hapo. Sugua mikono na mafuta kidogo ya kula, kisha sabuni, kisha maji.

Chakula chake mwenyewe ni rahisi. Omba viazi 2 vilivyochemshwa bila chumvi, vitolewe kabla jiko halijatia Maggi wala kitunguu cha kukaangwa. Ponda na avoka iliyoiva. Samaki anaweza kuonja, lakini nyama ya mgongoni tu, juu ya mstari wa ubavuni, kwa sababu miiba ya tumbo ni mirefu na imejificha. Ichambue kwa vidole, si kwa uma. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hapana: wanaliwa wazima na chumvi nyingi. Karanga nzima hapana, zinakaba. Asali hapana kabla ya mwaka 1, hata tone la kutuliza kilio, kwa ajili ya sumu ya botulizimu. Titi la mama halina matayarisho, jifunike ama usijifunike, hakuna atakayekuuliza. Kama ni biberoni, beba maji yaliyochemka katika termosi na unga pembeni. Unga wa maziwa si tasa, unataka maji ya nyuzi 70 au zaidi, kisha yapoe. Yaliyobaki mtoto akishaanza kunyonya yamwagwe baada ya saa 1.

Akianza kulia, mmoja asimame mara moja, na mkubaliane nyumbani ni nani wa kwanza na nani wa pili. Wamama wa resto watanyoosha mikono wamchukue, ni upendo, mpe. Ila asiingie jikoni wala asisogee kwenye choma.

Faktiri (bili) iombe sahani ya mwisho inapofika, si mkimaliza. Kupata chenji pekee kunaweza kula dakika 15. Beba franga za kutosha, na dola zisizo na mpasuko hata wa ukucha, kwa maana noti iliyochanika itakataliwa na mtoto tayari yuko mgongoni. Pampasi chafu funga katika sashe (mfuko) yako, urudi nayo. Na kama sakafu imejaa viazi, matabishi (bakshishi) yaongezwe, umpe mkononi yule atakayefagia.