Uliza Ujibiwe: Siku Moja Skagway, Bandari ya Wasaka Dhahabu

SWALI: Wanangu wahariri, hamjambo? Binti yangu anaishi Seattle, Marekani. Mwezi wa saba anataka kunipandisha meli ya kitalii, siku saba kwenda na kurudi, tufike hadi Skagway kule Alaska. Viza ya Marekani ninayo, ya kuingia zaidi ya mara moja. Inatosha? Na nibebe nguo gani?
*Mama wa Mwanga, Kigoma*

JIBU: Shikamoo mama. Haitoshi, unahitaji na ya Kanada. Karibu meli zote kubwa za safari hizo zimesajiliwa nje ya Marekani, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 haiziruhusu kuchukua abiria Seattle, kuwazungusha Alaska na kuwarudisha bila kugusa nchi nyingine. Ndiyo maana njiani hupita bandari ya Kanada, mara nyingi Victoria, hata kama ni kwa saa chache za jioni. Mtanzania huomba viza ya Kanada mtandaoni. Ada ni dola 100 za Kanada, na dola 85 za alama za vidole na picha, ambazo huchukuliwa kwenye kituo cha maombi Dar es Salaam. Kwa hiyo hesabu na nauli ya kwenda Dar, na uanze angalau miezi minne kabla.

Viza yako ya Marekani iwe hai hadi siku ya mwisho ya safari, kwa sababu ukitoka Victoria kurudi Seattle unahesabiwa kuingia upya. Masharti kwa Watanzania hubadilika, basi binti athibitishe kwanza ndipo alipe amana ya meli. Abiria mwenye pengo kwenye karatasi zake huachwa gatini, na nauli kwa kawaida hairudi.

Kuhusu nguo: Julai mchana Skagway huwa kati ya nyuzi 10 na 20, lakini baridi inaletwa na upepo. Jina lenyewe la mji limetokana na neno la Watlingit, wenyeji wa pale, linalohusiana na upepo na maji yaliyochafuka. Vaa tabaka tatu: fulana nyepesi isiyo ya pamba, sweta la sufu, na koti lisilopitisha maji wala upepo. Pamba ikilowa hushikilia maji mwilini, kwa hiyo vitenge na kanga viwe vya ndani ya meli na chakula cha jioni. Mwavuli uache nyumbani, maana upepo utaupindua. Chukua kofia inayofunika masikio. Viatu viwe vya kufunika, soli ya mpira, kwa kuwa njia za waenda kwa miguu katika barabara kuu ya Broadway ni za mbao na zikilowa zinateleza.

Kichefuchefu kinakuja mapema. Meli zinazotoka Seattle kwa kawaida hupita upande wa nje wa kisiwa cha Vancouver, bahari wazi ya Pasifiki, kabla hazijaingia kwenye maji tulivu ya katikati ya visiwa. Meza dawa ya kuzuia kutapika kabla ya meli kutoka. Ukingoja tumbo lianze, utaitapika. Mwambie binti achukue chumba cha katikati ya meli, sakafu za chini, ambako mtikisiko ni mdogo.

SWALI: Wanafunzi wangu wameniuliza dhahabu ya Skagway ilichimbwa sehemu gani ya mji. Sikuwa na jibu.
*Mwalimu wa sekondari, Ujiji*

JIBU: Mwalimu, haikuchimbwa hapo kabisa. Chukua mfano wa mji wenu. Pembe za ndovu zilizoijaza Ujiji zilitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, zikavushwa, zikapumzishwa, zikabebwa hadi Tabora na pwani. Skagway nayo ilikuwa mahali pa kushusha na kubeba. Dhahabu ilikuwa Kanada, kwenye vijito vya mto Klondike, zaidi ya kilomita 800 mbele.

Iligunduliwa tarehe 16 Agosti 1896 kwenye kijito cha Rabbit, ambacho baadaye kiliitwa Bonanza. Kundi lililohusika ni Keish, anayejulikana zaidi kama Skookum Jim, dada yake Kate, mpwa wao Dawson Charlie, na George Carmack, mume wa Kate. Watatu kati ya hao wanne ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na mwongoza watalii akimtaja Carmack peke yake anakata habari. Dunia ilijua Julai 1897, meli Excelsior ilipofika San Francisco na Portland ilipofika Seattle zikiwa na wachimbaji na dhahabu yao. Watu wapatao 100,000 wakaanza safari. Waliofika ni kama 30,000 hadi 40,000, na waliopata dhahabu hukadiriwa 4,000.

Wanafunzi watauliza tena: kwa nini wengi hivyo walikwama? Jibu ni mzigo. Polisi wa Kanada walikaa juu mpakani, na hawakumruhusu mtu kupita bila chakula cha mwaka mzima, kwa sababu huko mbele hakukuwa na cha kununua. Ukijumlisha hema, zana na nguo, kila mtu alikuwa na karibu tani moja, kilo 900 hivi. Njia zilikuwa mbili. Ya White Pass ilianzia Skagway yenyewe, na farasi kama 3,000 walikufa humo kwa kuzidishiwa mizigo, kuteleza na njaa. Ya Chilkoot ilianzia Dyea, mji wa jirani, kilomita 53 hadi ziwa Bennett, na karibu na kilele watu walipanda ngazi zipatazo 1,500 zilizochongwa kwenye barafu.

Wape darasa hesabu hii. Mtu ana kilo 900 na mgongo wake unabeba 27. Hiyo ni mizigo 33, ukiacha masalia ya kilo 9. Anapeleka mmoja, anarudi mikono mitupu, anachukua mwingine: safari 33 za kwenda na 32 za kurudi. Kama angefanya hivyo njia nzima ya kilomita 53, angetembea kilomita 3,445, karibu mara tatu ya reli ya Kigoma hadi Dar es Salaam. Wengine walipunguza kwa kutumia sleji, vigari visivyo na magurudumu, juu ya theluji, na wenye fedha waliwaajiri wapagazi wa Kitlingit, waliobeba kilo 45 na zaidi. Pagazi wa Kinyamwezi kwenye njia ya Tabora alibeba frasila mbili, kilo 32 hivi, kwa miezi. Wapagazi wa pande zote mbili wanastahili kutajwa kwa heshima ileile.

Jambo moja zaidi la kufundishia jiografia. Ujiji, mahali palipokuwa ufukweni Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, leo pako mbali na maji. Dyea pia nguzo za gati la zamani zimebaki nchi kavu, ila sababu ni nyingine: barafu nzito iliyoikandamiza ardhi imeyeyuka, na ardhi inainuka zaidi ya sentimita moja kila mwaka.

SWALI: Nimestaafu reli. Nasikia huko Skagway kuna treni ya milimani. Upana wa njia yake ukoje, mwinuko kiasi gani, na nikipanda nikae upande upi?
*Mstaafu, Tabora mjini*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Hiyo ni White Pass & Yukon Route. Upana kati ya reli na reli ni milimita 914, pungufu hata ya mita moja ya reli yetu ya kati ya zamani. Waliuchagua kwa sababu ya gharama: reli nyembamba ilihitaji tuta la mita 3 tu, na kila sentimita ya upana ilikuwa ni kupasua mwamba wa matale. Tena reli ya namna hiyo inakunja kona kali, na mlima ule una kona tupu.

Kazi ilianza tarehe 28 Mei 1898. Walifika kilele Februari 1899, na tarehe 29 Julai 1900 njia kutoka Skagway na ile iliyotoka Whitehorse, Kanada, zikaunganishwa Carcross, katikati ya miji hiyo. Jumla ni kilomita 177, na zilitumika baruti kama tani 450. Kwa kulinganisha, reli yetu ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Mwinuko mkali kabisa ni asilimia 3.9, yaani kila mita 1,000 za njia unapanda mita 39. Kutoka usawa wa bahari hadi kilele, mita 873, ni kilomita 32 tu. Ukigawanya, wastani unakaribia mita 27 kwa kila 1,000. Mzee unajua hiyo inadai nini kwenye breki wakati wa kushuka. Reli ilifungwa mwaka 1982 biashara ya madini ilipoanguka, ikafunguliwa tena 1988 kwa ajili ya watalii.

Safari ya kilele na kurudi ni kama kilomita 64 na huchukua chini kidogo ya saa tatu. Wakati wa kupanda kaa kushoto, kwa kuwa korongo liko upande huo. Kilelani vichwa vya treni huhamishiwa mwisho wa pili, na abiria hubadilishana pande ili kila mmoja aone. Kati ya behewa na behewa kuna vibaraza vya wazi ambapo abiria huruhusiwa kusimama. Mtu wa reli atavipenda, lakini avae koti. Mkiwa juu mtaona daraja kuukuu la chuma la mwaka 1901 lililotumika hadi 1969, na sehemu nyingine kijia cha farasi cha 1898 bado kinaonekana chini, upana wa hatua moja.

Hapa watu hukosea tiketi. Ya kilele haihitaji kuonyesha pasipoti, kwa kuwa hakuna anayeshuka. Ya kwenda Fraser, Bennett au Carcross inaishia Kanada: unahitaji pasipoti mkononi, viza ya Kanada, na viza ya Marekani ya kurudia. Meli nyingine hukaa na pasipoti za baadhi ya abiria, basi uliza mapokezi siku moja kabla. Nauli ya kilele inazidi dola 100, na siku yenye meli nne behewa hujaa, kwa hiyo nunua kabla ya safari.

SWALI: Huku Nzega tukisikia kuna rashi, yaani watu wanakimbilia dhahabu mpya, tunahama na makarai. Hao watalii nao eti wanaosha dhahabu. Ni ya kweli?
*Mchimbaji mdogo, Nzega, Tabora*

JIBU: Dhahabu ni ya kweli, ila kwenye mabeseni ya watalii kokoto huwa zimetiwa chenga kabla hujafika. Unalipia kujifunza, na chenga unaondoka nazo. Kanuni unaijua: dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, mchanga mara 2.6. Jaza maji, tikisa kushoto na kulia ili nzito izame, ndipo uinamishe beseni na kumwaga kidogo kidogo hadi ubaki na mchanga mweusi. Mgeni huinamisha kabla ya kutikisa, na chenga zinaondoka na maji. Kosa la pili ni mafuta mikononi: chenga nyembamba yenye mafuta huelea. Tone la sabuni ya vyombo huimaliza shida hiyo.

Tofauti na ninyi ni hii. Dhahabu ya Nzega imo ndani ya mwamba, mnasaga. Ya Klondike ilikuwa imekwisha kusagwa na mto, ikafukiwa chini ya kokoto na udongo ulioganda mwaka mzima. Wachimbaji waliwasha moto juu ya ardhi, wakachimba kilicholainika, wakawasha tena, hadi duara, yaani shimo la mgodi, lifike mwambani. Mchanga walilundika majira yote ya baridi, na masika maji yalipofunguka ndipo wakaosha kwenye mialo ya mbao, yaani mifereji ya kuoshea dhahabu.

SWALI: Ni kweli kiwanda kilichounda Liemba yetu ndicho kinachounda meli za huko? Na zikitia nanga, siku naipangaje?
*Kijana wa Kibirizi, Kigoma*

JIBU: Ni kweli kwa baadhi. Liemba ilitengenezwa mwaka 1913 na Meyer Werft, mjini Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande na kuungwa tena Kigoma. Kiwanda hichohicho kiliunda Norwegian Bliss, iliyokabidhiwa mwaka 2018 na kupangiwa njia ya Alaska. Ina mita 333 na Liemba ina 71. Inaweza kusogea hadi mjini kwa sababu ghuba ya Lynn Canal, inayoelekea Skagway, ina kina cha mita zaidi ya 600 mahali pengine, na kuta zake huzama wima.

Sasa siku yenyewe. Wakazi wa Skagway ni kama 1,200, na wageni wa siku moja huweza kuzidi 10,000. Toka melini na kundi la kwanza. Kutoka gati la Broadway ni dakika chache kwa miguu. Gati la Reli ni dakika 15 hadi 20, na basi dogo lipo. Anza na kituo cha wageni cha hifadhi ya taifa, kwenye jengo la stesheni ya zamani, Broadway na mtaa wa 2: ni bure, na matembezi na askari wa hifadhi ni bure pia, ila nafasi huisha mapema. Angalia kibanda cha William Moore cha 1887, mlowezi aliyetangulia rashi kwa miaka kumi. Mchana nenda kwa miguu hadi makaburi ya wasaka dhahabu, kilomita 3 hivi. Amezikwa huko Soapy Smith, tapeli aliyefungua ofisi ya simu za maandishi wakati waya haukwenda popote, na Frank Reid, aliyepigana naye kwa risasi tarehe 8 Julai 1898. Dakika kumi mbele kuna maporomoko ya Reid. Maduka ya vito karibu na gati yapite. Vito vile unavikuta bandari zote na havihusiani na Klondike.

Saa ndiyo inayowaacha watu. Alaska kiangazi iko nyuma ya Kigoma kwa saa 11 na nyuma ya Seattle kwa saa moja. Simu hubadilika yenyewe, na meli huenda isibadilike. Vaa saa ya mkono uliyoilinganisha na saa ya meli asubuhi ileile. Tiketi ikisema 8:15 AM, hiyo ni saa mbili na robo asubuhi kwa hesabu yetu. Mlango wa meli kwa kawaida hufungwa dakika 30 kabla ya kuondoka, na ukichelewa, bandari inayofuata utaifuata kwa gharama yako.